Mtindo wa Kukanya



Mwezi uliopita kijana mmoja wa chuoni kwetu aliingia darasani amenyoa panja zote mbili, na katikati ameacha nywele zimesimama. Nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamuuliza: "Huu ni mtindo gani?" Nikamsema mtindo mmoja, hata wenzake wakaangua kicheko. Hakujibu neno. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Usiku swali langu lilinirudia mwenyewe. Neno mtindo twalitumia kwa mengi. Fundi cherehani humuuliza mteja ataka mtindo gani wa kanzu. Mwandishi wa khati huchagua naskhi au thuluthi, na herufi ni zile zile. Mvua isiyokatika twasema yanyesha mtindo mmoja, kama nilivyomsema yule kijana. Na mtu akizoea tabia mbaya, majirani husema: "Huo ndio mtindo wake." Kumbe mtindo si nywele na nguo tu, ni namna mtu atendavyo jambo mpaka akajulikana kwalo.

Hukumu ya nywele naijua. Mtume (S.A.W.) amekataza kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu, katika hadithi ya Ibn Umar iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim. Lakini ni Mtume huyo huyo ambaye, bedui alipokojoa msikitini, aliwazuia masahaba wasimkatize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Na Surat An-Nahl, aya ya 125, yatuamrisha kulingania kwa hekima na mawaidha mema. Neno langu lilikuwa la haki. Mtindo niliolifikishia ndio uliomvunjia heshima mtoto wa watu.

Siku ya tatu, baada ya Alasiri, nilikwenda kwao. Mamake alinikaribisha kahawa. Kijana akatoka chumbani, ameinamisha kichwa. Nikamwambia: "Mwanangu, nimekukosea. La nywele tutazungumza, mimi nawe peke yetu."

Akanibusu mkono. "Yamekwisha, maalim."

Jumamosi alirudi chuoni, nywele zikiwa vile vile. Nilimwonyesha mahali pake pa mbele, tukafungua somo.

Wazazi wenzangu, kabla ya kumuuliza mwana mtindo wake, tujiulize wetu. Wabillahi tawfiq.