Barua Kutoka Dallas: Kila Paa na Adui Yake

Dada, 

Nimepata ujumbe wako kuhusu nyumba ya mama hapo Tanga: bati limeliwa na kutu, fundi anataka kuezua lote, nawe unauliza tuweke lipi. Swali limenikuta katika shughuli hiyohiyo, maana mvua ya mawe imetupiga na paa letu halifai tena.

Nyumba nyingi za Texas huezekwa kwa vigae vyembamba vya lami: utando wa nyuzi za kioo uliopakwa lami, juu yake zimenyunyizwa chembe za mawe za kukinga jua. Bei yake inavumilika, na kikosi cha mafundi kinaweza kumaliza nyumba ya kawaida kwa siku moja au mbili. Adui yake ni mawe ya mvua. Mkaguzi alinipandisha juu, akaniambia niminye kigae kwa kidole gumba. Palipopigwa palibonyea kama embe lililoanguka. Kwenye mfereji wa maji, chembe zilizopukutika zilijaa kiganja kila nilipochota.

Ndiyo maana vigae hivi hupimwa kwa kipigo. Daraja la juu kabisa, la 4, hutolewa kwa kigae kisichopasuka kikidondoshewa tufe la chuma la inchi 2 kutoka futi 20. Kampuni nyingi za bima humpunguzia ada mwenye paa la daraja hilo. Bati nalo hudumu kuliko lami, ila ni ghali huku, na baadhi ya bima hazilipi likibonyea bila kuvuja. Vigae vya udongo vinapendeza, lakini kenchi ambayo haikujengwa kwa uzito wake haivibebi. Tumechagua lami ya daraja la 4.

Mvua ikikatika, wauza paa hubisha hodi nyumba hadi nyumba. Wengine huahidi kukufutia kile kiasi unachotakiwa kulipa mwenyewe kabla ya bima kulipa chake. Sheria ya Texas imekataza hilo tangu 2019. Fundi anayeanza kazi kwa kuvunja sheria sitamkabidhi paa wanalolala watoto wangu.

Sasa usiige paa langu. Adui wa nyumba ya mama ni upepo wa chumvi. Ulizia bati la alumini, kwani halishiki kutu kama chuma. Likizidi uwezo wetu, tuchukue la chuma lenye mchanganyiko wa alumini na zinki, la rangi, nene. Muuzaji akitaja geji, kumbuka namba ikipanda bati linapungua unene: 28 ni nene kuliko 30. Msikubali likatwe kwa grinda, cheche huunguza kinga yake na kutu huanzia hapo. Lifungwe kwa skrubu zenye mpira zinazoendana na bati lenyewe. Na kabla ya yote, fundi aezue kipande akague kenchi. Bati jipya juu ya mbao iliyoliwa na mchwa ni hela iliyotupwa.

Nitatuma mchango wangu mwisho wa mwezi. Tuanze na mbao na skrubu, kisha bati. Rangi achague mama mwenyewe.

Wasalimie wote.

Mdogo wako