Ramani za Nanna

Mtoto alijifunza kuhesabu kwa meli za ukutani. Juu ya kitanda chake ilitundikwa ramani ya bandari za Malta wakati kisiwa kilipozingirwa mwaka 1565, meli za Waturuki zimejaa baharini. Mama yake, mzaliwa wa Tanga, alihesabu: sita, saba. Baba, Mmalta, alijibu: sitta, sebgħa. Mtoto alidhani ni lugha moja. Hakukosea sana, kwani Kimalta kimezaliwa na Kiarabu, nasi tuliazima huko huko.

Ramani zilikuwa tatu, zawadi ya mama mkwe. Moja ilitoka kwenye kitabu cha Abraham Ortelius cha mwaka 1570, ambamo Malta imebanwa ukurasa mmoja na Sicilia, Sardinia, Corfu, Elba na Djerba. Zote zilikuwa nakala, si za asili. Thamani yake ilikuwa kwenye fremu: marehemu baba mkwe alizitengeneza kwa mikono yake.

Baridi ilipoingia, mtoto akaanza kukohoa usiku. Nanna, yaani bibi, alisema ni kutembea peku. Mama alisema ni maji ya friji. Kumlaumu mtoto ni rahisi kuliko kukagua ukuta.

Siku ya kufuta vumbi mama alishusha fremu ya meli. Nyuma yake kulikuwa na kuvu jeusi, duara kubwa kama sahani, na karatasi ilikuwa imejaa madoa ya kahawia. Nyumba za zamani za Malta ni za mawe ya chokaa, na jiwe hilo hunyonya maji. Fremu ikigandamana na ukuta wa nje, hewa haipiti. Unyevu na kuvu ndani ya nyumba huchochea pumu na kikohozi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu jambo hilo mwaka 2009.

Alizishusha zote. Hakumwambia mtu, na hapo ndipo alipokosea.

Jumapili Nanna alifika, akautazama ukuta mtupu, akala chakula chake kimya. Mume akawa hana la kusema. Wiki mbili zikapita bila simu. Hatimaye mama alibeba fremu ile hadi kwa mkwewe, akaigeuza mgongo.

“Mama, tazama mwenyewe.”

Kikongwe alipitisha kidole kwenye mbao. “Chumba kile tulikuwa tunapaka rangi kila mwaka,” alisema. “Mume wangu naye alikohoa.”

Ukuta ulisuguliwa, madirisha yakaanza kufunguliwa asubuhi, na mtoto akapelekwa kwa daktari. Bado hukohoa, ila si kila usiku. Ramani sasa ziko kwenye ukuta wa ndani, kando ya ngazi, kila fremu ina vipande vya kizibo kwenye pembe za nyuma ili hewa ipite, na kadibodi inatenganisha karatasi na kioo.

Chumbani misumari mitatu imebaki. Nanna amekataa ising'olewe.