Redio ya Elfu Thelathini na Tano

Ukitaka kununua kifaa cha kubeba mkononi cha kusikilizia muziki na ukawauliza wanaojiita wajuzi wa sauti, watakujibu kwa namba. Kilohezi 44.1, biti 16. Au 96 na 24 kama una hela ya kuchezea. Watakwambia MP3 ni makombo, weka FLAC. Watakutajia Walkman za siku hizi, kwa mfano ile Sony NW-A306 ya mwaka 2023 iliyouzwa Marekani kwa zaidi ya dola 300, halafu wakuhakikishie kwamba hiyo bado ni ya wanaoanza. Niliwasoma sana watu hawa mwezi Novemba, usiku, nikiwa Dar, maana wadogo zangu walikuwa wamenikabidhi kazi moja kabla hatujapanda nyumbani kwa Krismasi: kumtafutia Baba kitu cha kusikilizia muziki wake.

Baba yuko Machame. Ana miaka 74, na presha ya macho imeshalimaliza jicho la kulia na sehemu kubwa ya la kushoto. Madaktari wa KCMC walimweleza wazi kwamba uoni uliopotea haurudi, dawa za matone ni za kulinda uliobaki. Kusoma ameacha. Huyu ni mtu aliyekuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa kahawa, aliyejaza madaftari ya kilo na malipo kwa mwandiko ambao mpaka leo sijauona kwingine. Kuhusu macho hakulalamika sana. Alicholalamikia ni redio.

Redio kaseti yake, National ya milango miwili, aliinunua kwa hela ya kahawa kabla sijazaliwa, enzi ambazo kahawa ilikuwa inanunua vitu, kabla mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa haujavunjika mwaka 1989 na bei kuporomoka nao. Imeishi maisha marefu. Sasa mikanda yake ya mpira imelegea na kila mwimbaji anavuta maneno kama mlevi anayetafuta mlango. Kaseti ziko 41. Nyingi ni Mbaraka Mwinshehe, Marijani Rajab na kwaya za KKKT. Nne hazina jalada. Hizo ni za Bibi, mama yake Baba, akisimulia hadithi kwa Kimachame jikoni kwake, mwaka 1986. Baba mwenyewe ndiye aliyerekodi. Nyuma ya sauti yake unasikia kuni zikipasuka, kuku, na mtu fulani anayekohoa ambaye hatujawahi kukubaliana ni nani.

Kuzitoa nyimbo kwenye kaseti hakuna njia ya mkato. Kaseti ya dakika 60 inataka dakika 60, na lazima mtu akae aigeuze. Kijana mmoja wa Moshi mjini alituchukulia siku tisa. Hapo ndipo lilipokuja swali la kwanza la ubora, na kwa mshangao wangu lilikuwa jepesi. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama megabaiti 1 kwa dakika. Kwa kipimo hicho memori kadi ya GB 8 ingebeba zaidi ya kaseti 120, sisi tunazo 41. Kwa nini tubane? Tukapanda mpaka kilobiti 320, kiwango cha juu kabisa cha MP3, na zote zikaingia kwenye GB 6 hivi. Gharama ya kuongeza ubora: sifuri. Za Bibi tukazitunza pia bila kubana hata kidogo, megabaiti 600 na ushee kila moja, kwenye kompyuta yangu na ya mdogo wangu. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sauti ambazo sikio linadhaniwa halitazikosa, na mimi sikutaka Wajerumani wa Fraunhofer, walioigundua hesabu hiyo, waniamulie kipi kwenye kikohozi kile hakina umuhimu.

Kifaa chenyewe ndicho kilichotusumbua.

Vipo vilivyotengenezwa mahsusi kwa wasioona. Kinachojulikana zaidi ni Victor Reader Stream cha kampuni ya HumanWare ya Canada: batani za kuhisi kwa kidole, kinaongea, kinakumbuka ulipoishia kwenye kila kitabu. Bei ni mamia ya dola, na kukileta juu yake. Tungechangishana ndugu wote tungekipata. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyeuliza kikiharibika nani atakifungua, pale Moshi. Tukakaa kimya. Kwetu bei ya kitu ni pamoja na fundi wake, na fundi wa kitu hicho hayupo karibu.

Basi tarehe 20 Desemba nikateremka na Baba mjini kwa Hiace, tukaingia maduka ya vifaa vya umeme, yale yenye sabufa mlangoni zinazoshindana kupiga kelele. Huku mikoani mwenye duka huitwa Mangi hata kama ni Mkinga. Ukiwa Moshi kwenyewe jina hilo linakosa utani, kila mtu ni Mangi. Kijana wa duka la pili alikuwa na adabu. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, nataka redio ambayo sitamwita mtu kuniwashia." Baba hakutaja sauti nzuri wala GB.

Kilichoanza ni kidude cha MP3 cha shilingi 12,000, kidogo kama kiberiti, cha kubana kwenye kola. Mimi kilinivutia. Nilikitazama nikakumbuka iPod ya kwanza ya mwaka 2001, nyimbo elfu mfukoni kwa dola 399, na jinsi kitu kile kilivyogeuka kuwa bidhaa ya meza ya barabarani. Kidude hakina spika, ni cha iafoni tu. Baba alivichomeka vile vya masikioni, akasikiliza nusu dakika, akavitoa. "Macho yameziba. Niyazibe na masikio? Mtu akiingia uani nitajuaje?"

Kikafuata spika ya bluetooth, 95,000. Hiyo ndiyo niliyoitaka mimi, nasema wazi. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano siku nzima na sauti mbaya inanichosha. Kijana aliweka Marijani Rajab na besi likaja mpaka tumboni. Nilisikia gitaa la pili ambalo kwenye National sikuwahi kulisikia tangu utoto. Lakini batani zake ni alama zilizochorwa kwenye mpira laini, vidole vya Baba vikawa vinapapasa bila kukuta kitu. Kila akibonyeza, mwanamke anatangaza kwa Kiingereza cha juu juu kwamba sasa tumehamia bluetooth. "Huyu dada ni nani?" Baba akauliza. Kijana alicheka mpaka akainama.

Ya tatu ilikuwa redio ya flash, 35,000. Plastiki nyeusi, jina la kampuni maarufu lenye herufi moja ya ziada, tochi pembeni. Inashika FM, kwa hiyo Sauti ya Injili ipo. Sauti unaipandisha kwa gurudumu lenye meno. Batani sita zimechomoza, kila moja na umbo lake. Betri ni ile BL-5C ya simu za zamani za Nokia, inayouzwa kila kona, unaichomoa kwa ukucha.

Tulizijaribu redio nne za aina hiyo kwa kitu ambacho wajuzi wangu hawakukiandika popote: washa, fika wimbo wa tano, zima, washa tena. Mbili zilirudi wimbo wa kwanza. Kwa mwenye macho ni usumbufu mdogo. Kwa Baba, mwenye faili zaidi ya mia nne, ni kubonyeza mpaka asubuhi kila umeme ukikatika. Nyingine mbili zilikumbuka. Tukagundua pia kwamba redio hizi hazifuati alfabeti, zinapiga faili kwa mpangilio wa zilivyoingizwa kwenye kadi. Nikaifuta kadi palepale kwenye kompyuta, nikaingiza upya: Bibi kwanza, kisha kwaya, kisha Marijani, Mbaraka mwisho.

Kwa hiyo sauti ya kwanza kutoka kwenye ile redio ilikuwa ya Bibi, katikati ya kelele za sabufa za majirani. Spika ile ndogo haina besi kabisa. Ila simu za mezani zilipitisha hezi 300 mpaka 3,400 tu na watu wakaelewana miaka yote. Sauti ya binadamu haihitaji zaidi ya hapo ili maneno yafike. Maneno yalifika. Kijana wa duka alipunguza sabufa yake bila kuambiwa, akasikiliza. "Hicho Kimachame mimi sisikii hata neno, mzee. Mimi wa Rombo." Baba akaanza kumtafsiria, Bibi anasema, Baba anafuata nyuma yake kwa Kiswahili, mpaka sungura akatoroka na wateja wawili wakawa wamesimama nasi.

Mwishoni niliomba mara moja zaidi tuchukue ile ya 95,000, angalau kwa ajili ya Marijani. Kwenye hii ndogo gitaa la solo linabaki kali kama sindano na besi linapotea lote, nusu ya bendi imeenda likizo. Sioni aibu kusema kwamba hilo bado linaniuma. Baba alikuwa ameshaishika redio kifuani. "Besi nalijua," alisema. "Nitaliweka mwenyewe."

Tulilipa 35,000, na 6,000 ya betri ya akiba. Kwenye Hiace alizipitia batani zile sita kwa kidole gumba tangu mjini mpaka tunashuka. Betri ya akiba iko kwenye droo ya kushoto ya meza yake, na amekataza isiguswe na mtu yeyote, hata na wanaokuja kuhakikisha kama ipo.