Kubeba na Kubebwa

Katika miaka yangu ya uchungaji nimewabeba watoto wengi siku ya ubatizo. Najua jinsi ya kumlaza mtoto kwenye mkono wa kushoto, kichwa kikae juu ya kiwiko, ili mkono wa kulia ubaki huru kuchota maji. Wengine walilia, wengine waling'ang'ania msalaba wangu, na mmoja alinikojolea joho Jumapili ya Pasaka, kwaya nzima ikacheka. Kila mmoja nilimrudisha kwa mama yake nikaendelea na ibada. Nilidhani najua kubeba mtoto.

Mtoto wangu mwenyewe alipozaliwa, niliogopa kumgusa.

Nilikuwa na umri wa miaka 43. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekaa kwenye ndoa miaka kumi na mmoja, na mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Washarika walituombea bila kuchoka. Mimba ya tatu ilipofika wiki ya 32, usiku mmoja wa mvua za masika, mke wangu aliniamsha akasema chupa imepasuka. Tulitoka Bagamoyo usiku huohuo, na kabla ya alfajiri binti yetu alizaliwa katika hospitali moja jijini Dar es Salaam, akiwa na kilo 1 na gramu 600. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 ndiye tunayemwita njiti. Nilikuwa nimelitamka neno hilo mara nyingi katika maombi ya Jumapili bila kufikiri kwamba njiti ya kiberiti ni kitu chembamba namna gani.

Usiku wa pili alianza kupumua kwa shida. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amefika jioni ile kwa basi kutoka Machame, alinivuta pembeni.

"Mchungaji, mtoto hajabatizwa."

Nilimjibu kwamba tusubiri. Nilisema tutambatiza usharikani, mbele ya kanisa zima, akiwa na gauni jeupe.

Wapendwa, jibu lile lilikuwa zuri lakini halikuwa la kweli. Chuoni Makumira nilifundishwa, nami nimewafundisha watoto wa kipaimara mwaka baada ya mwaka, kwamba penye hatari Mkristo yeyote anaweza kubatiza kwa maji na kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kwamba ubatizo huo haurudiwi. Nimewahi kuitwa wodini usiku kuwabatiza watoto wa wengine, nikaenda. Lakini kwa huyu wangu niliona kwamba nikichukua maji, nitakuwa nimekubali kwamba anakufa. Zawadi ya uzima niliigeuza kuwa tangazo la msiba.

Mke wangu alikuwa ametusikia. Aliniita kitandani kwake akaniuliza, "Unaogopa nini?"

"Sijui," nilisema.

"Basi mbatize hivyohivyo, ukiwa unaogopa."

Muuguzi aliturusu tusogee. Nilinawa mikono hadi viwiko kama alivyonielekeza, nikachovya kidole katika maji safi, nikamgusa kichwani mara tatu. Kichwa chake kilikuwa kidogo kama chungwa. Sauti ilinikatika nilipofika kwenye jina la Mwana, nikamalizia kwa kunong'ona, na mama mkwe akaitikia Amina. Hakuna kilichobadilika. Mtoto aliendelea kuhangaika kupumua vilevile. Ila mimi, kwa mara ya kwanza tangu usiku wa jana yake, niliweza kukaa chini.

Siku ya tano, hali yake ilipotulia, muuguzi aliniambia, "Baba, vua shati." Nilidhani nimesikia vibaya. Alinieleza kwamba mtoto njiti hupoteza joto upesi, na kwamba kifua cha mzazi humpa joto, humtuliza na humsaidia kupumua vizuri. Mama amekuwa akimbeba hivyo, sasa apumzike, baba ashike zamu. Huduma hiyo huitwa kangaroo. Ilianza Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, wakati daktari Edgar Rey alipoona hospitali yake ina watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Hakuwa na mashine, lakini wazazi walikuwepo.

Basi nilivua shati na ile kola ya uchungaji. Walimlaza binti yangu kifuani pangu akiwa na nepi, soksi na kofia tu, wakamfunga kwa kanga. Nilikaa saa tatu. Simu ilitetemeka mfukoni. Nilijua ni mzee wa kanisa, anataka kuniuliza habari za mabati ya jengo letu. Sikuweza kupokea. Sikuweza kuandika hubiri wala kwenda msibani. Kazi yangu ilikuwa kuwa na joto.

Hapo ndipo nilipokumbuka Isaya 46, sura ambayo nimeihubiri zaidi ya mara moja. Nabii anawaonyesha Beli na Nebo, miungu ya Babeli, wakipakiwa juu ya wanyama waliochoka. Ni miungu ya kubebwa. Kisha Bwana anawakumbusha watu wake kwamba yeye ndiye aliyewachukua tangu tumboni mwa mama zao, na kwamba atawachukua hata watakapokuwa na mvi. Mvi zangu zimeshaanza. Nilijiuliza pale kitini ni miaka mingapi nimemchukua Mungu kama mzigo: michango ya ujenzi, taarifa za jimbo, ugomvi wa kamati, misiba mitatu kwa wiki. Nilikuwa nimechoka kama wale wanyama wa Babeli, nikauita uchovu ule uaminifu. Na huyu binti wa kilo moja na nusu (kwa maana uzito ulikuwa umepungua kwanza) hakuwa amemfanyia Mungu lolote, lakini alikuwa amebatizwa na amebebwa. Ndicho nilichokuwa nikikifundisha miaka yote kuhusu ubatizo wa watoto. Nilikuwa nakifundisha kwa ajili yao, sikujua kinanihusu.

Sitaki kuficha kwamba wodi ile haikuwa na furaha tu. Asubuhi moja mama wa kitanda cha jirani alifunga vitu vyake akaondoka peke yake. Nilikuwa na mtoto wangu kifuani alipopita, na sikupata neno la kumwambia. Martin Luther naye alimzika binti yake Elisabeth mwaka 1528, kabla hajatimiza mwaka mmoja, akamwandikia rafiki kwamba hakujua moyo wa baba unaweza kulegea kiasi kile. Hakueleza kwa nini, na mimi siwezi kueleza. Najua tu kwamba yule anayebeba hawabebi wale wanaopona peke yao.

Tulirudi Bagamoyo baada ya wiki tano. Hapo vita vya chakula vikaanza. Mama mkwe alimpikia mzazi mtori wa ndizi za nyumbani. Bibi jirani yetu, Mwislamu mwenye umri wa kuwa mama yangu, alileta supu ya pweza na uji wa pilipili manga, akasema mtori ni wa watu wa baridi. Mama mkwe alitaka mzazi akae ndani miezi mitatu kama kwao. Bibi alisema arobaini inatosha. Mke wangu alikula vyote, na maziwa yakaja mengi.

Siku moja Bibi alikuja na uzi mweusi wa kumfunga mtoto mkononi, asipatwe na jicho baya. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti, nikakosa pa kuanzia. Mwisho nilisema, "Bibi, usikasirike. Huyu ameshafungwa. Siku aliyotaka kufa alitiwa jina la Mungu, na sisi hatuongezi fundo lingine." Aliniangalia kwa muda, akaufunga uzi wake kwenye pindo la kanga. "Basi, mwanangu, jina hilo limlinde," alisema. Kesho yake alileta supu kama kawaida.

Nilikuwa nafua nepi asubuhi, uani, wanafunzi wakipita kwenda shule. Mchungaji anafua nepi! Habari ilifika sokoni kabla nepi hazijakauka. Niliwaambia akina baba wa usharika kwamba Luther aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1522, kabla hajaoa hata mke: baba anayefua nepi kwa imani, watu wanaweza kumcheka, lakini Mungu na malaika zake wanamfurahia. Walicheka zaidi. Wiki mbili baadaye mmoja wao aliniuliza kwa sauti ya chini ni sabuni gani isiyomwasha mtoto.

Alipofikisha kilo tatu tulianza kutoka naye. Safari ya kwanza ilikuwa kliniki, kwa basi la kwenda Dar. Kuanzia Kiromo hadi Zinga alilala. Kerege aliamka. Kuanzia Mapinga hadi Bunju alilia, na basi zima likawa la walezi: mwingine anasema ana njaa, mwingine anasema ana joto, konda anasema mpeni dirisha, mama mmoja wa kiti cha nyuma akimpokea bila hata kuuliza na kumweka begani. Akanyamaza. Nilitaka kumchukua, mke wangu akanizuia kwa macho. Tulifika Tegeta mtoto akiwa kwenye bega la mtu tusiyemjua.

Safari ya pili ilikuwa pwani, jua likichomoza, nimembeba kifuani kwa kanga ileile ya hospitali. Mji wetu ni mji wa mizigo. Karne ya 19 misafara ya wapagazi iliishia hapa, watu waliotembea miezi kutoka Unyamwezi na mbali zaidi, pembe za ndovu mabegani. Watumwa nao walifikishwa pwani hii, na mzigo wao hakuna aliyewatua. Asubuhi ile, karibu na soko la samaki, vijana walikuwa wakishusha matenga kutoka kwenye mashua, maji yakiwafika kiunoni. Mmoja alituona akapaza sauti, "Mchungaji, mzigo huo haudaiwi ushuru!" Mke wangu alicheka hadi akashika tumbo. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa miaka miwili.

Jumapili iliyofuata tulimpeleka kanisani. Hakubatizwa tena, alipokelewa. Mchungaji mwenzangu aliongoza, mimi nikasimama upande wa wazazi, mahali ambapo sikuwahi kusimama. Nilisikia maneno ya ibada yakija kwangu badala ya kutoka kwangu. Gauni jeupe lilikuwepo, kubwa mno. Bibi jirani alikuja akasimama nje chini ya mwembe hadi ibada ilipokwisha.

Jengo letu bado linasubiri mabati, na simu bado inaita. Lakini siku hizi nikiitwa wodini usiku, siendi na majibu. Nawauliza wazazi wananionaje, wanaogopa? Wakisema ndiyo, nawaambia nilivyoambiwa mimi: tumbatize hivyohivyo. Kisha namwambia baba avue shati.