Sauti ya Chini

Kuna mambo hayapigiwi kelele. Kwa miaka miwili nilimwambia Susu kila kitu kwa kupaza sauti: nimefika, nimeshiba, huku Kitui mvua imenyesha. Akiuliza kuhusu chuo nilipaza neno moja tu, "Kuzuri!", kwa sababu ukweli ungemfikia jirani kabla haujafika masikioni mwake. Niliacha masomo nikiwa mwaka wa pili. Sasa naandika makala za kulipwa kwa idadi ya maneno, kwenye chumba cha kupanga mjini Kitui. Na ng'ombe wawili wa Susu waliuzwa kwa ajili ya ile karo.

Susu anaishi upande wa Kibwezi, Makueni. Nikienda napitia Mutomo na Ikutha, navuka mto Athi. Huniita "mume wangu", maana nilipewa jina la marehemu babu.

Mwaka jana shangazi aliye ng'ambo alimletea mashine za masikio. Ndani ya nyumba zilifaa kiasi. Nje, pakiwa na upepo, kuku na watoto, alisikia kila kitu ila wewe. Mashine zenyewe zina Bluetooth, lakini si ile ya spika za kawaida. Zinatumia ASHA, mtindo ambao Google ilitangaza 2018 na ukaingia kwenye Android 10 mwaka uliofuata. Si kila simu ya Android inauweza, na ya Susu ni mulika mwizi tu.

Nikapata programu huria ya Raspberry Pi Pico W, kisahani cha saketi chembamba kuliko kiberiti. Kilitoka 2022 kwa dola 6, ingawa hadi kifike huku bei huwa imeota miguu. Kompyuta hukiona kama spika ya USB. Chenyewe hubana sauti kwa G.722, njia ya simu iliyopitishwa 1988 (ni mkubwa wangu kwa mbali), kisha hurushia kila sikio sauti yake.

Nilihangaika siku tatu. Kumbe mashine hukubali mgeni ukizizima na kuziwasha tu, yaani kufungua na kufunga kile kimlango cha betri. Siku tatu, kwa kimlango!

Zilipokubali, nikachomeka maikrofoni kwenye laptopu na kukaa nyuma ya Susu, hatua chache.

"Susu," nikasema, kwa sauti ya kuongea tu.

Akageuka kutazama mlangoni.

"Niko hapa nyuma."

"Mume wangu, umeniingia kichwani?"

Nilitaka kumuuliza habari za mbaazi. Badala yake nikamwambia. Nilisema polepole, karibu kunong'ona, na kwa mara ya kwanza hakuniambia nirudie.

Kitu kimoja sikukifikiria. Sauti ikiingia kwa Bluetooth, maikrofoni za mashine hupunguzwa, kwa hiyo hata yeye hajisikii vizuri.

"UMEACHA CHUO?"

Jirani aliyekuwa anapeta ndengu ng'ambo ya ua akasimamisha ungo.

"Ndio, Susu."

"TANGU LINI?"

"Mwaka juzi."

Alinyamaza. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu kuhusu karo, kuhusu kozi ambayo sikuichagua, kuhusu kazi ninayofanya. Aliuliza kitu kimoja.

"NA NG'OMBE?"

Sikuwa na jibu la hilo. Bado sina. Nimelipa bei ya mbuzi mmoja hivi, kwa vipande vipande, na nikimtumia pesa huwa nasema ni za sukari.

Akavuta shuka begani. "Niwekee Musyi," akasema, na safari hii hakupaza.

Nikafungua Musyi FM kwenye laptopu. Matangazo ya vifo yalikuwa yameanza. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu aliyeketi kando yake, akawa anarudia majina ya vijiji. Nikamwomba msamaha hapo hapo, mgongoni mwake, bila maikrofoni.

Matangazo yalipoisha aliuliza kama betri itafika jioni.