Gari Linakataa Kuwaka Mchana? Chunguza Rilei Kwanza

Leo naweka PHP kando nizungumzie hitilafu ya aina ambayo sisi waandishi wa programu tunaichukia kuliko zote: ile inayotoweka ukianza kuitafuta.

Gari langu ni la michezo, milango miwili, la 1993. Likishinda juani katikati ya jiji, saa nane mchana starta inazunguka vizuri lakini injini haiwaki. Jioni linawaka kama kawaida na kunifikisha Lavington. Mafundi wawili walisema pampu ya petroli imekufa. Lakini pampu iliyokufa haifufuki jioni!

Basi nikaligawa tatizo vipande vipande. Magari mengi ya injekta, ukifungua swichi bila kupiga starta, pampu hunguruma kama sekunde mbili. Asubuhi niliisikia. Mchana, kimya. Nikaipa pampu umeme wa betri kwa muda mfupi, ikanguruma. Kumbe pampu ni nzima, rilei ndiyo haiipi umeme.

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku. Umeme mdogo hupita kwenye koili, sumaku huvuta kibati, umeme mkubwa huenda kwenye pampu. Pini zake zimelehemiwa kwenye bodi, kama ndani ya redio. Baada ya miaka mingi ya kupata joto na kupoa, lehemu hupasuka kuizunguka pini. Kukiwa na joto ufa unaachana, kukipoa unagusana. Honda za miaka ya 1990, kama Civic na Prelude, zinajulikana kwa ugonjwa huu, na Porsche 944 pia.

Dawa ni rahisi. Toa waya wa betri, fungua kisanduku cha rilei, nyonya lehemu ya zamani, weka mpya. Vifaa vya kulehemu utavipata Luthuli Avenue. Ukitaka rilei nyingine, zunguka maduka ya Kirinyaga Road.

Onyo moja: fundi asikupigie "dairekti", yaani kuiruka rilei kwa waya na kuuacha hapo. Kwa kawaida injini ikizimika, kompyuta ya gari huiamuru rilei ikate pampu. Ukiiruka, siku ukigongwa Waiyaki Way na bomba likapasuka, pampu itaendelea kumwaga petroli karibu na injini ya moto. Kulehemu upya ni kazi ya saa moja tu. Ifanye.