Risasi Moja Katika Kasha la Bibi

Bibi yetu alikuwa katika mwezi wa pili wa eda alipotuita sisi wajukuu wake wa kike tumfungulie kasha. Alitaka kanzu za marehemu babu, Mwenyezi Mungu amrehemu, zitolewe, zifuliwe, zigawiwe wenye haja. Chini kabisa, chini ya karatasi za shamba na kipande chake cha zamani, tulikuta mkebe wa majani ya chai. Ndani ya mkebe mlikuwa na pande la leso kuukuu, na ndani ya leso mlikuwa na risasi moja nzima, ganda lake la shaba nyeupe kwa nyekundu limefifia, urefu wake kama kidole cha shahada.

Tuliirudisha mkebeni kwa haraka, na mkubwa wetu akasogea hadi mlangoni. Bibi akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu msiba.

"Haiumi hiyo," alisema. "Hiyo ni saba kwa hamsini na saba ya babu yenu."

Sote tulijua kwamba babu, katika ujana wake, alikuwa mbeba bunduki wa wawindaji wa kizungu katika nyika ya nyuma ya Malindi, kuelekea mto Galana. Tulijua pia kwamba kazi hiyo ilikoma mwaka 1977, Serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchini. Tusilolijua ni kwamba mzee yule, aliyekuwa hana makuu katika mavazi wala chakula, alikuwa na mapenzi na aina moja ya risasi, na kwamba bibi aliyajua mapenzi hayo kwa undani kuliko tulivyodhania mwanamke wa jikoni angeyajua.

Hesabu ya jina lake ni nyepesi. Saba ni milimita za upana wa tundu la mtutu. Hamsini na saba ni milimita za urefu wa ganda. Ilibuniwa Ujerumani na kiwanda cha Mauser, na jeshi la Hispania likaichukua mwaka 1893. Makaburu waliitumia katika vita vyao na Waingereza vilivyoanza mwaka 1899, na Waingereza wakaionja kwa miili yao. Haukupita muda mrefu, kampuni ya Rigby ya London ikawa inaiuzia wawindaji wa Kiingereza kwa jina jingine; wao huhesabu kwa inchi, wakaiita .275. Jim Corbett, yule msasi wa chui na simba-marara wala watu huko India, ambaye alihamia Nyeri na kufia huko mwaka 1955, naye alikuwa na bunduki yake ya aina hiyo, aliyotunukiwa mwaka 1907.

Lakini kwa nini risasi hii na si nyingine? Bibi alitujibu kwa mambo mawili. La kwanza ni teke. Bunduki kubwa za wakati ule zilimpiga begani aliyezifyatua kiasi kwamba wageni wengi walifumba macho kabla ya kuvuta, na aliyefumba macho hujeruhi tu. Babu, aliyepaswa kuifuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa kuingia naye kichakani, aliliogopa hilo kuliko alivyomwogopa simba. Risasi ndogo isiyo na teke kali ilimwacha mtu atulie, alenge, apige mahali pake.

La pili ni nyama, na hapa bibi alizungumza kama hakimu. Babu alipoleta fungu lake la pofu au swala, yeye ndiye aliyelikata. Katika miaka ya 1960 wageni walianza kuja na risasi mpya za Kimarekani, mojawapo ya mwaka 1962 yenye upana ule ule wa milimita saba lakini baruti nyingi zaidi na mwendo wa kasi zaidi. Wageni walizisifu. Bibi alizilaani. Bega zima la mnyama lilikuwa limevilia damu, nyama imekuwa kama ini lililopondwa, mfupa umesagika humo humo. "Nilikuwa nikitupa robo ya fungu," alisema, "na watoto wanangoja." Risasi ya zamani, kwa kuwa haikukimbia sana na kichwa chake kilikuwa kirefu na chembamba, ilipita moja kwa moja, mtu angeweza kukata nyama njema karibu na tundu lenyewe.

Urefu ule wa kichwa ndio pia uliompa sifa Mskochi mmoja aitwaye Bell. Mwanzoni mwa karne iliyopita alianzia safari zake Mumias, mahali ambapo misafara ya Waswahili wa pembe ilikuwa imekwisha kumtangulia, akaingia Karamoja. Katika maisha yake aliua ndovu zaidi ya 1,000, walio wengi kwa risasi hii hii, yenye kichwa cha gramu 11 tu, ilhali wenzake walitumia vichwa vya gramu 30 na zaidi. Alikuwa amelipasua fuvu la ndovu kwa msumeno ili ajue ubongo uko wapi. Babu alikuwa akikisimulia kisa hicho barazani kwa fahari. Kisha, katika miaka ya 1970, aliiona mizoga iliyokatwa pembe upande wa Tsavo. Tangu hapo, bibi alisema, hakukisimulia tena, na aliyemuuliza alijibiwa kwa kuagizwa kahawa.

Lipo jambo alilolificha zaidi, nasi tulilisikia siku ile tu. Kazi yake porini haikuwa kubeba bunduki peke yake; ni yeye aliyekimbia na kisu. Kwa kuwa aliyepiga hakuwa Mwislamu, babu alishika njia ya tahadhari: mnyama asiyemkuta na uhai hakumla, wala hakuruhusu nyama yake iingie nyumbani kwake, hata kama wenzake walikuwa tayari wamewasha moto. Basi kila mlio wa bunduki ulimgawa moyo. Akiwa mtu wa huruma alitaka mnyama afe papo hapo asiteseke. Akiwa baba wa watoto sita alitaka pumzi moja au mbili zibaki hadi afike. Risasi zile za kasi mara nyingi zilimnyima pumzi hizo. Hii ya zamani ilimwangusha mnyama bila kumpasua, na yeye, mwepesi wa miguu, alifika, akamwelekeza kibla, akasema Bismillahi Allahu Akbar. Kuna nyakati alikaa chini baada ya kuchinja akalia, na wageni wakadhani amechoka. Alimwambia bibi kwamba hakujua kama aliipenda risasi ile kwa rehema yake au kwa njaa ya wanawe.

Sisi tulinyamaza. Hatukuwa tumewahi kumwazia babu akilia.

Kilichobaki kilikuwa risasi yenyewe. Kumiliki risasi bila kibali ni kosa katika sheria zetu, na katika mitaa yetu ya Pwani, ambako upekuzi si habari ngeni, risasi moja inaweza kumtenganisha kijana na mamaye kwa miaka. Ami yetu alitaka itupwe baharini usiku. Shangazi akasema ifukiwe shambani. Bibi alikataa yote mawili: bahari hurudisha, na shamba lina watoto wanaochimba. Wala hakutaka kuitoa. Kwa siku tatu mkebe ulikaa chini ya kitanda chake, nasi tukalala kwa zamu chumbani humo, tukimsikia akiugusa gizani.

Siku ya nne, baada ya alasiri, alimpa ami mkebe bila leso. Leso ilikuwa yake, alisema, ya mwaka aliozaa mwanawe wa kwanza. Ami alikwenda kituo cha polisi pamoja na mzee wa mtaa na imamu, ili wawe mashahidi wake. Waliwekwa saa mbili, wakaulizwa maswali yale yale na watu wawili tofauti. Hatimaye ofisa mmoja aliitia kiganjani, akaipima uzito, akauliza inauaje kitu kwa udogo ule. Ami akamweleza habari ya ndovu, na huenda hakuaminiwa.

Aliporudi, bibi hakuuliza kama aliteswa wala kama aliheshimiwa. Aliuliza waliandika nini kitabuni.

"Risasi moja ya zamani," ami alijibu.

Bibi aliikunja ile leso mara nne, akaiweka juu ya magoti. "Wangeandika saba kwa hamsini na saba," alisema.